Kwa Nini Programu Haikusimama

Mama mdogo alisimamishwa kazi Jumatatu asubuhi, na ushahidi uliotolewa dhidi yake ni kwamba programu ya kompyuta haikusimama. Nikisimulia habari hii watu hunikatiza hapo hapo, wanadhani nimeruka kitu katikati. Sijaruka kitu. Mwanamke aliyewajua wagonjwa wake wote kwa majina na kwa majina ya wajukuu wao alivuliwa kitambulisho cha shingoni mbele ya foleni, kwa sababu dirisha jeusi kwenye kompyuta ya mkubwa wangu lilipita moja kwa moja bila kutua.

Kazi yake ilikuwa mapokezi ya kitengo cha figo. Wanaokuja pale figo zao zimegoma. Wanaunganishwa na mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Kila mmoja ana zamu zake za wiki. Zamu ikipotea maji yanabaki mwilini, miguu inavimba, kisha hata kupumua kunakuwa kazi. Mimi nilikuwa ghorofa ya juu ya jengo lilelile, ofisi ya kompyuta, chumba chenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Programu inayopanga zamu hizo ilitoka kwetu.

Alhamisi iliyotangulia, kinyozi mmoja mstaafu alifika kitengoni na dada yake. Ndugu hawa wote wawili ni wagonjwa wa figo, na wiki ile ndiyo kwanza walipangiwa siku moja. Dada aliitwa, akaingia. Kinyozi hakuitwa. Jina lake halikuwamo kwenye orodha ya siku, na muuguzi wa mlangoni hakutaka mjadala: asiye kwenye orodha hana mashine, na mashine iliyobaki wazi amekwisha kupewa mgonjwa aliyeshushwa kutoka wodini. Mama mdogo alihangaika, akapiga simu huku na kule, akaambiwa nafasi ni Jumamosi. Jumamosi kinyozi aliletwa amekaa wima kwenye kiti cha magurudumu, hawezi hata kuegemea, anavuta hewa kwa mabega. Wakamlaza.

Meneja wa hospitali alitaka mtu wa kulaumiwa, na kompyuta ikampa. Ilionyesha kwamba zamu ya kinyozi ilifutwa Alhamisi asubuhi, na aliyefuta ni mama mdogo.

Sasa, jina la mama mdogo lingekosaje kuwapo? Kila asubuhi yeye ndiye anayebofya kitufe kilichoandikwa Fungua Siku. Kitufe hicho kinaamsha programu yetu, programu inapitia zamu zote, inaondoa zilizojirudia, na lolote inalofanya inaliandika kwa jina la aliyebofya. Nililisema hilo Jumatatu ileile mbele ya meneja. Badala ya kunijibu, akamgeukia mkubwa wangu.

Mkubwa wangu tulimwita Mkato, na jina lilimkaa. Alipenda njia fupi katika kila jambo. Hata salamu alijisalimia na kujijibu mwenyewe huku anapita, "habari nzuri," ukifungua mdomo keshaingia lifti. Sikuwa na ugomvi na tabia hiyo mpaka ilipomfikia mama yangu mdogo.

Inabidi nieleze kidogo kazi yetu, na sitachosha mtu. Programu ile ni ya aina inayosomwa na kutekelezwa papo hapo, mstari kwa mstari. Ndani ya kompyuta kuna mkalimani anayeisoma na kuiambia mashine la kufanya. Uzuri wake ni kwamba unaweza kupachika neno moja popote katikati ya mistari, sisi tunaliita kituo. Mkalimani akifika hapo anasimama na kukungoja. Unamuuliza: umemshika nani, umefikaje hapa, unataka kumfanya nini. Ukiridhika unamruhusu aendelee. Ndivyo tunavyotafuta kosa, hatupigi ramli.

Ila kuiendesha programu yenyewe kulitaka amri ndefu ya kuandika kwenye dirisha jeusi, ina majina ya mafaili na vikorombwezo kibao, ukikosea herufi unaanza upya. Ndipo Mkato akatutengenezea amri fupi. Unaandika *twende*, kompyuta yenyewe inajaza yaliyobaki. Ofisi nzima tuliandika *twende*, na hakuna aliyekumbuka tena ni maneno gani yamekaa nyuma yake.

Jumatatu ile Mkato aliweka laptop juu ya meza ya meneja. Alichukua nakala ya zamu iliyohifadhiwa Jumatano jioni, wakati kinyozi bado yumo, akapachika kituo kwenye mstari unaofuta.

"Bosi, tazama hapa," alisema. "Kama programu ndiyo iliyomfuta, lazima ipite kwenye mstari huu. Na ikipita, itasimama."

Akaandika *twende*. Dirisha likafanya kazi yake kufumba na kufumbua, likamaliza, likatulia.

"Haikusimama. Kwa hiyo haikupita hapo. Huo ni mkono wa mtu."

Akafunga laptop. Nikamwambia subiri, tuangalie kwanza matokeo, meneja akaniambia nitoke kwa kuwa mshitakiwa ni ndugu yangu. Mshitakiwa. Neno hilo alilitumia yeye, kwa mwanamke aliyekuwa anamtilia chai kwenye vikao.

Mchana nilikwenda kwa mama mdogo. Nilimkuta anapiga pasi sare yake ya kazi, sare ambayo alikuwa ameambiwa asiivae.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, hujala."

"Sina njaa."

"Hasira hazishibishi. Kaa."

Nikakaa. Alikunja mikono ya sare, akaikunjua tena, akaipiga pasi mahali palepale. Nilidhani atalia kwa ajili ya kazi. Kumbe kilichomuuma kilikuwa kingine.

"Nilipanda wodini kumwona," alisema. "Akageukia ukuta. Dada yake akaniambia niondoke. Meneja alishawafikia kabla yangu, kawaambia mhusika amepatikana."

"Na wewe hukufanya kitu."

"Sijui, mwanangu. Mimi ndiye niliyemhamishia yule dada zamu yake iwe Alhamisi. Walikuwa wanakodi gari siku mbili tofauti, nikaona waje pamoja. Labda wakati wa kuhamisha nilibofya pasipotakiwa. Kompyuta yenyewe inasema ni mimi."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Kumnyima mtu kazi ni jambo moja. Kumfanya ajisake mwenyewe kosa ambalo halipo, akae nyumbani akiutilia shaka mkono wake uliofanya kazi miaka yote bila doa, hilo sikulimeza. Nilimwambia asikiri neno lolote mpaka Jumatano, siku ya kikao cha kusikiliza shauri lake. Akaniambia nile kwanza, nikala.

Jumanne asubuhi niliketi kwenye kompyuta yangu. Mkato alikuwa ametoa onyo kwamba mimi nisiguse suala lile. Niliugusa mstari uleule alioupachikia kituo, kwenye nakala ileile ya Jumatano, nikapachika changu, nikaandika *twende*. Programu ikapita. Haikusimama, kama alivyosema.

Lakini mimi nilifungua matokeo, kitu ambacho yeye hakuwa na muda nacho. Dada mtu yumo. Kinyozi hayumo.

Nilisoma orodha ile upya kuanzia juu. Mama mdogo alikuwa nyumbani kwake, kilomita kadhaa kutoka hapa, hana kitambulisho wala funguo. Amri niliiandika mimi. Kinyozi alikuwamo kabla ya *twende* na baada ya *twende* ametoweka. Sasa na hapa ilikuwa ni mkono wa mtu? Kama programu ilimfuta, ilipita kwenye mstari unaofuta, na kama ilipita pale, kwa nini haikusimama?

Basi nikahamisha kituo. Nilikipachika kwenye mstari wa kwanza kabisa wa programu, mahali ambapo mkalimani hana namna ya kupakwepa, ni sawa na kumngoja mtu mlangoni mwa nyumba yenye mlango mmoja. *Twende.* Ikapita pia.

Hapo nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akavua vipokea sauti masikioni.

"Vipi, umepata?"

"Hebu iulize kompyuta yako. *Twende* maana yake nini?"

Ukiiuliza inakuambia, inakutolea ile amri nzima iliyofichwa nyuma ya neno fupi. Akaandika, tukasoma pamoja. Yale majina marefu ya mafaili yalikuwapo. Na mbele yake, mwanzoni kabisa, palikuwa na agizo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia: vituo vyote visihesabiwe. Mkalimani alikuwa ameamriwa, kila tunapoandika *twende*, apite juu ya kila kituo kana kwamba hakuna kitu.

"Hii ni ile ya mwaka jana," mwenzangu alisema polepole. "Ile siku mapokezi waliganda."

Nikakumbuka. Kuna siku kituo kilisahaulika ndani ya programu, kikapelekwa hivyohivyo mapokezi, na asubuhi kila aliyebofya Fungua Siku alikuta skrini imesimama, inangoja mtu wa kuiuliza maswali. Foleni ilifika barabarani. Mkato aliaibika sana. Sisi tulidhani atatuwekea utaratibu wa kukagua kazi kabla ya kuipeleka. Kumbe alichukua njia yake ya siku zote, akaviziba midomo vituo vyote kwa mpigo, kwenye kitufe cha mapokezi na ndani ya amri fupi pia, na hakumwambia mtu. Kisha akasahau. Halafu akaenda mbele ya meneja akatumia amri hiyohiyo kumhukumu binadamu, kwa kuwa kituo alichokiziba mdomo mwenyewe hakikusema kitu.

Niliacha amri fupi. Nikaandika ile ndefu, herufi kwa herufi, bila lile agizo la mwanzoni. Kituo nikakirudisha kwenye mstari unaofuta. Programu ikaenda kidogo, ikasimama.

Nikaiuliza umemshika nani. Ikanitajia kinyozi. Nikaiuliza kwa nini. Ikanionyesha: namba yake ya simu inafanana na ya mgonjwa mwingine wa siku hiyohiyo, kwa hiyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, kwa hiyo mmoja aondoke.

Ndugu wawili wanatumia simu moja. Iko kwenye mkoba wa dada, kila mtu pale mapokezi anaijua. Siku zao zilipokuwa tofauti programu haikuwakutanisha. Mama mdogo alipowaonea huruma na kuwaweka pamoja, programu ikaamua ni mtu mmoja. Na aliyeandika sheria hiyo, ya kwamba simu moja ni mtu mmoja, ni Mkato. Jina lake liko juu ya faili.

Jumatano kikao kilikaa saa nne kwenye chumba cha mikutano. Mama mdogo alikuwa mwisho wa meza, amevaa ile sare. Aliambiwa asiivae, akaivaa. Mimi sikualikwa. Niliingia na laptop kwapani, nikachomeka waya wa ile skrini kubwa ya ukutani kabla meneja hajamaliza kukunja uso.

"Binti, tulikubaliana hapa usiwepo."

"Hamkukubaliana na mimi, Bosi. Naomba muda mfupi tu, halafu mniandikie na mimi barua ya kusimamishwa."

Mkato akasema, "Dada, tulishaijaribu hii. Haikusimama."

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka uisimamishe wewe."

Nikampa kibodi. Nikamwambia apachike kituo kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule ambao hakuna njia ya kuukwepa, na aandike *twende*. Akapachika, akaandika. Ikapita. Alikunja kipaji cha uso. Akaandika tena. Ikapita. Nikamwona akilini anakimbia nyuma, mwaka jana, siku ya foleni, na nikajua amefika, kwa sababu masikio yalibadilika rangi.

"Sasa waambie *twende* maana yake nini," nikasema.

Akaisukuma kibodi kwangu. Nikaandika mimi, amri ikajitandaza ukutani. Nikamwelekeza meneja kila kipande kwa maneno ya kawaida, nikafuta lile agizo, nikaiendesha kwa urefu wake. Programu ikasimama kwenye mstari unaofuta, mbele ya watu wote, na jina la kinyozi mdomoni.

Kisha Mkato akakohoa.

"Kwa hiyo ni hitilafu ya mfumo," alisema.

"Naam," meneja akadaka, akakusanya karatasi zake. "Hitilafu ya mfumo. Mambo haya hutokea. Mama arudi kazini, barua tutaifuta, tusonge mbele."

Nilitaka kuipindua ile meza. Jumatatu kosa lilikuwa na jina, na sura, na sare, na liliondolewa mbele ya foleni. Jumatano, lilipobainika ni la mkubwa, ghafla likawa halina baba wala mama, ni la mfumo. Nilifungua mdomo. Mama mdogo akaniwekea mkono mgongoni, nikaufunga.

"Nimeshukuru kurudishwa," alisema. "Ila wodini mlipanda wenyewe kusema ni mimi. Sasa nani anapanda kusema si mimi?"

Meneja alisema atatuma mtu. Mama mdogo akasema yeye anangoja hapohapo kitini, hana haraka, siku yake ya kazi bado haijafunguliwa. Akakunja mikono. Baada ya kutazamana sana wakapanda, meneja na Mkato, na sisi nyuma yao.

Kinyozi alikuwa ameketi kitandani, dada yake pembeni na mkoba mapajani. Mkato akaanza na hitilafu ndogo iliyojitokeza.

"Sema vizuri," nilimwambia. "Jumatatu ulisema vizuri tu."

Akasema programu aliiandika yeye. Akasema alidhani kila mtu ana simu yake, na kwamba alipoipima aliipima vibaya, na huyu mama hakugusa kitu. Dada mtu akautazama mkoba wake. Kinyozi hakumjibu Mkato wala meneja. Alimwambia mama mdogo, "Kesho ni Alhamisi," na mama mdogo akasema anajua.

Mchana ule nilirekebisha programu, ikawa inamtambua mgonjwa kwa namba ya kadi yake. Nikaijaribu kwa amri ndefu, kituo juu ya kituo. Lile neno *twende* nililifuta kwenye kompyuta zote, na Mkato hakuniuliza kwa ruhusa ya nani.

Alhamisi asubuhi mama mdogo aliniita nishuke mapokezi. Alimwita na Mkato. Benchi zilikuwa zimejaa, na kwenye ile ya mbele walikaa kinyozi, aliyeshuka kwa miguu yake, na dada yake. Mama mdogo aliinuka kwenye kiti chake.

"Kaa hapa, baba," alimwambia Mkato. "Ingia kwa jina lako, ufungue siku."

"Mama, hii si kazi yangu. Na jina langu si la mapokezi."

"La kwako linaingia kila mahali, mwanangu kaniambia. Kaa."

Akakaa. Akaandika jina lake na neno lake la siri. Kitufe kikaja, Fungua Siku. Akapeleka kidole, kikabaki hewani. Akatazama benchi ya mbele, akamwona kinyozi, na kinyozi alikuwa anamtazama. Kidole hakikushuka.

"Una uhakika?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Ni swali nililolingoja tangu Jumatatu, mtu yeyote aliulize, hata mara moja.

"Jumatatu wewe ulikuwa nao," nikamwambia.

Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Foleni ilianza kunong'ona. Mama mdogo alisimama nyuma yake, mikono kwenye mgongo wa kiti, hakumharakisha. Mwishowe akabofya. Orodha ikashuka kwenye skrini, na juu yake pakaandikwa jina la Mkato, saa na tarehe. Mama mdogo akainama begani kwake, akaifuata orodha kwa kidole mpaka alipofika, akaita jina la dada. Kisha akaita jina lililofuata.

"Nipo, mama," kinyozi akasema, akainuka.